Somo la Mashine Mpya ya Kusagia Viungo: Kuizoeza Kazi na Kuizuilia Joto



Wengi wenu mmekwisha kuiona ile mashine ndogo iliyofungwa juu ya meza katika banda la nyuma la Chama. Ni mashine ya mawe mawili ya chuma yenye meno. Jiwe moja limesimama, la pili lazunguka, na pembeni pamezungushwa wavu wa kuchujia unga. Inakwenda kwa mota ya umeme na mkanda mmoja. Tangu ifike, haipiti wiki bila ya mwanachama kuja kuuliza habari zake, na twasikia kuwa katika vijiji viwili vitatu watu wameanza kuchanga ili wanunue yao. Kwa hivyo tumeona yafaa kuandika somo hili. Si somo la kuisifu mashine. Ni la kueleza mambo mawili ambayo kijitabu kilichokuja nayo kimeyapita mbio mbio: namna ya kuizoeza mashine mpya kabla ya kuipa kazi yake, na namna ya kulizuia joto lisile mali.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Siku ya kwanza tuliyoifunga mashine hii tulikuwa na haraka. Tuliifuta kwa kitambaa, tukawasha umeme, tukamimina karafuu kavu, nzuri, za daraja la juu. Mashine ikanguruma vizuri na harufu ikajaa banda zima, ikatoka nje ikafika barabarani. Wapita njia wakasimama wakasema, "Mashaallah, leo hapa kuna kazi." Nasi tukafurahi. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa amekaa barazani akitutazama. Akatuuliza, "Wanangu, hiyo harufu mwaifurahia?" Tukamjibu kuwa twaifurahia. Akasema, "Basi jueni kuwa hiyo ndiyo mali yenyewe, nayo imekwisha shika njia. Hamtaiweka tena katika pakiti." Kabla hatujapata la kumjibu, unga ukaanza kutoka mweusi na wenye mabonge, wavu ukaziba, na ukingo wa beringi ukawa moto usioshikika. Tulipoizima na kuifungua, tulikuta juu ya mawe utando mzito kama lami, na ndani ya unga mna vipande vya grisi ya kiwandani. Unga wote ule ulitupwa.

Ya grisi tutayaeleza mbele. Kwanza tueleze maneno ya yule mzee, maana ndiyo asili ya somo lote.

Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta yanayoruka hewani yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, nayo ndiyo iletayo harufu, ukali ulimini na ile ganzi aijuaye kila aliyewahi kutia karafuu katika jino bovu. Mafuta haya yamo ndani ya vifuko vidogo sana vilivyojipanga chini kidogo ya ngozi ya karafuu. Ndiyo maana ukiikwaruza karafuu nzuri kwa ukucha, mafuta huchuruzika. Karafuu ikiwa nzima vifuko hivyo vimefungika, na kwa sababu hiyo karafuu nzima iliyokaushwa barabara hukaa ghalani muda mrefu bila ya kupoteza nguvu. Ukiisaga umevipasua vifuko vyote kwa mara moja. Mafuta yamebaki wazi, na joto likiwapo yatakwenda zake.

Huenda msomaji mmoja akasema: "Nimesoma kuwa yujenoli huchemka kwenye joto la digrii 254. Mashine yetu haifiki huko hata siku moja, sasa mafuta yapoteeje?" Swali hili ni zuri. Jawabu lake liko kwenye kamba ya kuanikia nguo. Maji huchemka kwenye digrii 100, lakini kanga iliyoanikwa hukauka, na hakuna aliyeyaona maji yakichemka uani. Kitu kinachoruka huruka hata kabla ya kuchemka, na kila joto linapozidi ndipo huruka upesi zaidi. Unga wa karafuu uliotoka mashineni kwa digrii 60 au 70 ni sawa na kanga iliyoanikwa jua kali na upepo juu yake.

Basi joto latoka wapi? Latoka katika umeme ule ule tunaoulipia. Karibu nguvu yote inayoingia katika mawe hugeuka kuwa joto. Ni sehemu ndogo sana inayotumika kupasua karafuu. Tufanye hesabu ya kukisia. Mota ikitoa kilowati 1 kwenye mawe kwa dakika moja, imetoa kilojuli 60. Kilo moja ya viungo vikavu huhitaji kama kilojuli 2 ili joto lake lipande digrii moja. Kwa hivyo ikiwa kilo moja yapita katika dakika hiyo, na joto lote likaingia katika unga, unga utapanda digrii 30. Kwa bahati joto jingine hushikwa na chuma na jingine huchukuliwa na hewa. Tuseme ni nusu. Bado ni digrii 15. Banda letu mchana ni digrii 30, kwa hivyo unga utatoka kwenye 45. Lakini chuma kilichoshika nusu ile ya pili hakikupoa. Kinangoja kilo ya pili na ya tatu, na kila kilo inayofuata inaingia katika mawe yaliyo moto zaidi. Na ukiupitisha unga ule ule mara ya pili papo hapo, kwa kuwa hukuridhika na ulaini wake, utakuwa umeuongeza joto juu ya joto.

Hiyo ndiyo sababu mama zetu waliotwanga kwa kinu na mchi walipata bizari yenye harufu kuliko ya mashine. Kinu kina mwendo wa polepole na mti haushiki joto kama chuma. Hatusemi turudi kwenye kinu. Twasema mashine ina deni, nalo ni la kulipwa kwa uangalifu.

Sasa tuingie katika kuizoeza mashine mpya.

Mashine ikitoka kiwandani huwa imepakwa grisi au mafuta mazito ya kuzuia kutu, kwa sababu ya safari ya baharini. Tena ndani ya meno ya mawe na pembeni mwa nyumba yake hubaki chembe za chuma na mchanga wa kusubulia. Hayo yote huyaoni kwa kutazama tu. Toa waya katika umeme, fungua kifuniko, toa wavu na mawe, ukumbuke kupiga alama kila kipande kilivyokaa ili ukirudishe vile vile. Futa grisi kwa vitambaa vikavu mpaka kitambaa kitoke safi, kisha uvioshe vile vipande vilivyotolewa kwa maji ya moto na sabuni, na uvikaushe pale pale kwa kitambaa na jua. Usimwage maji juu ya mashine yenyewe. Yataingia katika beringi na mota. Hapa kwetu hewa ina chumvi, na chuma kilicholala na unyevu usiku mmoja tu asubuhi utakikuta na kutu.

Kisha tazama meza. Meza ya mashine iwe nzito na miguu yake isichezecheze. Mashine inayotikisika hulegeza bolti zake, beringi zake huumia na kupata joto bila ya sababu nyingine yoyote. Kaza bolti zote, hata zile zilizoonekana zimekwisha kazwa na kiwanda, maana safari hulegeza.

Mkanda nao una mambo yake. Puli mbili, ya mota na ya mashine, lazima zikae katika mstari mmoja. Chukua uzi, uuvute ubavuni mwa puli zote mbili. Uzi uguse kila puli katika ncha zake mbili bila ya kupinda. Ukiona mwanya upande mmoja, legeza mota uisogeze. Ukaze wa mkanda pimia katikati ya puli hizo kwa kuubonyeza: kwa kila mita moja ya umbali baina ya vituo vya puli, mkanda unaokaa sawasawa hubonyea kama milimita 16. Mashine ya mezani umbali wake ni mfupi, pengine nusu mita au chini ya hapo, kwa hivyo ni milimita 8 au pungufu. Mkanda uliolegea huteleza, hunuka mpira ulioungua na puli hupata moto. Mkanda uliokazwa mno huvuta beringi upande mmoja na kuziunguza. Mafundi wengi wa kwetu hupenda kukaza mno, kwa kudhani mashine itakuwa na nguvu. Haiwi na nguvu, inakufa mapema.

Hapa twataka kuonya juu ya jambo moja tulilolisikia kijijini. Watu walibadilisha puli ya mota wakatia kubwa zaidi ili mashine ikimbie. Hesabu yake ni nyepesi: mota yenye mizunguko 1,440 kwa dakika na puli ya milimita 75, ikizungusha puli ya milimita 75, mashine itakwenda 1,440. Ukitia puli ya milimita 150 kwenye mota, mashine itakwenda 2,880. Unga utatoka upesi, ni kweli, lakini joto nalo litazidi sana, mota italemewa, na mawe yaliyofanywa kwa mwendo mdogo yaweza kupasuka. Jiwe la chuma likipasuka katika mwendo huo halichagui wa kumpiga. Mwendo ulioandikwa na kiwanda usiguswe.

Baada ya hayo, zungusha puli kwa mkono, umeme ukiwa haujaunganishwa. Sikiliza. Mawe yasigusane. Ukisikia mkwaruzo, achanisha mawe kidogo kwa skrubu yake. Mawe mawili ya chuma yakisagana yenyewe kwa yenyewe hayazoei. Yanaliwa, na chembe zake utazikuta katika pilau.

Sasa washa, mashine ikiwa tupu na mawe yameachana. Iache dakika kumi, uzime, utoe waya, uguse beringi kwa mgongo wa mkono. Kisha iwashe tena nusu saa. Msishtuke mkiona kuwa katika nusu saa hii beringi mpya zapata joto kuliko mlivyotazamia. Grisi iliyo ndani yake haijatawanyika; vitufe vya beringi vinaisukuma pembeni na kuipasua njia. Joto hupanda, husimama, kisha hushuka kidogo na kutulia. Hiyo ndiyo dalili ya beringi iliyozoea. Likiendelea kupanda bila ya kusimama, zima. Pengine mkanda umekazwa mno, au puli zimepinda, au beringi imejazwa grisi kupita kiasi. Hili la mwisho wengi hawaliamini. Nafasi iliyo wazi ndani ya beringi yataka grisi kwa theluthi yake, na isizidi nusu. Ukiijaza tele, vitufe vinaikoroga kama mtu anayesonga ugali mzito, na kukoroga ni joto. Tumemwona mwanachama aliyekuwa akitia grisi kila beringi ilipopata moto, nayo ikazidi moto, akazidi kutia, mpaka mpira wa kuzibia ukatoka na grisi ikaingia katika unga.

Mkono wetu ni kipimo kizuri, ila tuujue. Chuma cha digrii 45 mtu aweza kukishika muda mrefu. Kwenye 50 atakishika lakini hataridhika. Kwenye 60 atavumilia sekunde chache tu kisha atautoa mkono. Beringi ya mashine kama hii ikifika 60 au hata 70 katika kazi nzito haijaharibika; lakini kwetu sisi tusagao karafuu 60 ni nyingi, kwa sababu beringi hiyo imekaa jirani na jiwe, na joto lake huingia katika unga. Tone la maji likirushwa juu ya chuma likachemka kwa mlio, hapo umekwisha pita 100 na hakuna la kujadili.

Mwenye uwezo anunue kipima joto cha mafundi, kile cha kuelekeza kama tochi. Lakini asilete vile vya kupimia homa vilivyotapakaa kila mlango mwaka 2020. Vile vimefanywa kwa joto la mwili, na vikipita kidogo juu ya digrii 42 au 43 havisemi kitu. Tena kipima joto cha mafundi nacho hudanganywa na chuma king'aacho, kikaonyesha pungufu ya joto lililopo. Paka doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa juu ya nyumba ya beringi, uelekeze hapo siku zote.

Mashine tupu ikiisha kutulia, ipe kazi ya rahisi. Sisi hutumia mahindi makavu yaliyopasuka au pumba za mpunga. Anza na mawe yaliyoachana, upitishe kilo mbili. Kisha yakaribishe kidogo, upitishe kilo mbili nyingine, na kuendelea hivyo mpaka karibu na ulaini unaoutaka. Hapa meno ya mawe yanapoteza zile kingo zake mbichi, na grisi iliyobaki pembeni inachukuliwa na unga. Unga huo wa kwanza usipewe kuku wala mbuzi, wacha mtu. Una chuma. Chukua sumaku ya spika mbovu, uifunge kwa karatasi nyeupe, uipitishe ndani ya unga kila baada ya mzunguko. Mara ya kwanza utastaajabu, karatasi itatoka na ndevu nyeusi. Endelea mpaka itoke safi mara tatu zikifuatana. Siku ile ya aibu yetu tungelifanya hivi, tusingelitupa unga wa karafuu.

Kwa saa nane au kumi za mwanzo, usiipe mashine zaidi ya nusu ya mzigo wake. Zigawe siku tatu nne. Zikiisha, pima tena mkanda, maana mkanda mpya hunyooka sana katika siku zake za kwanza na lazima uvutwe tena. Kaza bolti mara ya pili. Fungua mawe uyatazame. Yakiwa yameliwa upande mmoja tu, hayakukaa sawa, na ni heri kuyapanga sasa kuliko kungoja.

Mota tumeiacha mpaka hapa kwa kusudi, kwa sababu ina joto lake la mbali. Kila mota ina kibati. Kisomeni. Herufi S1 zikiwapo, mota hiyo imefanywa kwenda mfululizo. Ikiandikwa S2 na dakika 30, maana yake ni kuwa ikifanya kazi nusu saa lazima iachwe ipoe kabisa. Mashine nyingi za bei rahisi zina mota za namna hii ya pili, na mnunuzi haambiwi. Joto likizidi, varnishi inayozuia nyaya za ndani zisigusane huchakaa. Mafundi wa umeme hukadiria kuwa kila digrii 10 zinazozidi juu ya kipimo chake hupunguza maisha ya mota kwa nusu.

Na adui mkubwa wa mota kwetu ni umeme hafifu. Pemba ilipata umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta. Neema ni kubwa, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni watu wanapowasha taa na pasi, haipati volti 230 kamili. Mota ikipata volti pungufu na mzigo ukiwa ule ule, huvuta ampia nyingi zaidi, na ampia ndizo ziletazo joto. Kadhalika waya wa ekstensheni mwembamba, mrefu, uliokunjwa kama kamba ya ngalawa. Waya uliokunjwa haupoi. Tumeona mmoja ukayeyuka mpira wake. Ukunjue wote, au bora ufunge swichi ya mashine karibu na mita. Mota ikivuma bila ya kuzunguka, zima mara moja, usihesabu hata tano. Na yale mapezi ya chuma juu ya mota si pambo, ndiyo yanayoipoza. Yakijaa vumbi la bizari mota imevishwa koti.

Sasa tumefika kwenye karafuu.

Kwanza, karafuu iwe kavu kweli kweli. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa katika biashara hakizidi asilimia 12. Mkulima hana haja ya maabara. Karafuu iliyokauka barabara juu ya jamvi huvunjika kwa mlio ukiipinda. Ikipinda kama utepe bila ya kuvunjika, irudishe juani. Karafuu mbichi mbichi haisagiki, inapondeka, na mafuta yake yakichanganyika na unyevu ndipo hufanya ule utando mweusi.

Pili, sageni mapema. Banda la asubuhi ni digrii 24 au 25, la mchana 31 au 32. Digrii saba hizo ni za bure, hazilipiwi. Baada ya alfajiri hadi saa tatu ndio wakati wetu sisi.

Tatu, wenye friza waitumie. Karafuu iliyolala usiku mmoja kwenye friza hutoka baridi na ngumu, huvunjika upesi badala ya kupondeka, na huanza safari ya mawe kutoka chini sana. Viwanda vikubwa vya nchi nyingine hufanya jambo lili hili kwa naitrojeni ya maji maji, ambayo ubaridi wake ni digrii 196 chini ya sifuri. Sisi friza yatutosha. Ila pana mtego. Hewa ya kwetu ina maji mengi, na kitu cha baridi kikifunuliwa hupata umande kama gilasi ya sharubati. Kwa hivyo igandishwe ndani ya chupa au bati lililofungwa sana, kwa mafungu ya nusu kilo, na kila fungu lifunguliwe likiingia moja kwa moja katika bakuli la kulishia. Usilimwage sinia ukaanza mazungumzo.

Nne, msisage mara moja hadi ulaini wa mwisho. Achanisha mawe, pasua karafuu zote kwanza ziwe kama chenga. Zitandaze juu ya sinia pana dakika kumi na tano, mashine nayo ipumzike. Kisha karibisha mawe, usage mara ya pili. Twajua mtasema muda unapotea. Kwa majaribio yetu kazi haikuchelewa, kwa sababu wavu haukuziba, na kuzibua wavu ndiko kulikokuwa kukitula saa nzima.

Mlango wa kulishia uwe wazi kidogo tu. Lakini msilishe kwa unyimivu mno hata mawe yakawa yanazunguka karibu matupu, kwa maana mawe yaliyokaribiana bila ya kitu baina yao nayo hujipasha moto. Sikilizeni sauti. Mashine iliyoshiba kiasi ina sauti nzito, ya sawasawa. Ikipanda juu na kulia, ina njaa. Ikishuka na kukokota, imekabwa. Kijana wetu anayeiendesha sasa hatazami tena mlango, husikiliza tu.

Tieni mkono katika unga unaotoka. Ukiwa vuguvugu kama mwili wa mtu, endeleeni. Ukianza kuhisi kuwa una moto kuliko mkono wako, funga mlango wa kulishia, acha mawe yamalize yaliyomo, zima, fungua kifuniko. Robo saa yatosha. Wenye pupa humwagia chuma maji. Tumekwisha sema habari ya kutu, tena chuma cha moto kikimwagiwa maji chaweza kupata ufa.

Wavu ukiziba, njia ya kuusafisha ni kupitisha konzi chache za mchele mkavu. Mchele hunyonya mafuta na kusugua meno. Mchele huo utupwe au upikwe na mwenye kuutaka nyumbani kwake. Twalisema hili wazi kwa kuwa limeletwa mbele ya kamati: kuna aliyetaka mchele usagwe pamoja na karafuu "ili mashine isizibe", kisha uuzwe wote kwa jina la karafuu. Hiyo si njia ya kusafisha mashine. Ni kama kutia makonyo katika gunia, na mnunuzi wa karafuu ya Pemba au Unguja akigundua mara moja, hatarudi kwetu sote. Makonyo yana mafuta kama theluthi ya yale ya karafuu, na pahali pake ni kiwandani Wawi yakakamuliwe mafuta kwa mvuke.

Wenye viungo vya namna nyingi wasage karafuu mwisho, kwa kuwa harufu yake haitoki upesi na mdalasini wako utanuka karafuu mpaka kesho kutwa. Manjano makavu yaliyo magumu kama jiwe yavunjwe kwanza kwa kinu. Ukiyatia mazima mota itakwama, na mota iliyokwama ina moto kuliko yote tuliyoyataja.

Vumbi lake nalo si la kudharau. Unga mwembamba ukijaa hewani katika chumba kilichofungwa waweza kushika moto kwa mshindo kwa cheche moja. Madirisha yawe wazi, sigara na jiko la mkaa vikae mbali, na mwendesha mashine afunge pua na mdomo kwa kitambaa.

Unga ukiisha kusagwa, msiupakie ungali moto. Unga wa moto ukifungwa hutoa jasho ndani ya pakiti, hushikana mabonge, na baadaye huota ukungu. Uacheni upoe ndani ya chombo kipana kilichofunikwa kwa kitambaa safi, si wazi, maana ukiachwa wazi mafuta yanaruka tena. Kisha utiwe katika chupa za gilasi zenye vifuniko vya kubana. Plastiki nyepesi haifai. Mafuta ya karafuu hulainisha namna nyingi za plastiki, na mmeona wenyewe vijiko vya plastiki vilivyopinda. Sageni cha wiki mbili tatu tu, na karafuu nyingine zibaki nzima.

Mwisho wa kazi, mashine ikiwa bado ina uvuguvugu, toa waya katika umeme, fungua, upige brashi mawe na wavu. Utando ukiwa vuguvugu hutoka kwa brashi. Ukiachwa hadi kesho utautoa kwa patasi. Mafuta ya karafuu yakikaa juu ya chuma cha kawaida hugeuka rangi yakawa meusi, na weusi huo ndio unaotokea katika unga wa siku inayofuata. Pitisha konzi ya mchele, futa kwa kitambaa kikavu, achanisha mawe, funika. Banda la Chama hufunguliwa kwa wanachama kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, na mwenye mashine mpya ambayo bado haijawashwa anaweza kumleta kijana wake atazame kazi hii ikifanywa kuanzia mwanzo.